Majumba ya Michenzani na kompyuta iliyopigwa marufuku



Juzi nilikwenda ofisi moja hapa mjini kufuatilia karatasi yangu. Ofisi yenyewe siitaji, kwa sababu kisa hiki ni cha ofisi nyingi na ninyi nyote mnazijua. Mezani palikuwa na kompyuta mpya, imefunikwa kitambaa cha kufuma, safi kabisa, kama redio za bibi zetu zilivyokuwa zikifunikwa. Karani, kijana mstaarabu, alinisikiliza, akafungua daftari kubwa, akaandika jina langu kwa kalamu. Halafu akaniambia niende ofisi ya pili nikalete fotokopi ya karatasi ambayo, kwa maelezo yake mwenyewe, imeshaingizwa kwenye kompyuta za ofisi hiyo ya pili. Nikamuuliza, sasa hii kompyuta yenu inafanya kazi gani? Akacheka. Akasema ripoti ikitakiwa, wanakaa jioni wanayahamisha ya kwenye daftari kuyatia humo. Yaani mashine imenunuliwa ili kazi ipungue, na kazi sasa inafanywa mara mbili!

Nikatoka na joto langu la mchana, nikaenda kusubiri gari karibu na raundabauti ya Michenzani. Ukikaa pale huna pengine pa kutupa macho isipokuwa kwenye yale majumba. Kumi, kila moja na namba yake, kila moja na urefu wa mita 300 hivi, yamejipanga kando ya barabara nne zinazokutana pale kati kama msalaba. Sote tumezoea kuyaona mpaka hatuyaoni tena. Lakini siku ile, nikiwa bado na hasira ya lile daftari, nikajiambia: jamani, jawabu la kompyuta iliyofunikwa kitambaa limesimama hapa mbele yangu tangu kabla sijazaliwa.

Ngoja nieleze.

Watu wa kompyuta wana jambo wanaloliita usanifu wa taasisi. Jina ni zito lakini maana yake si ngumu. Ni kuchora ramani moja ya taasisi nzima: inataka kufika wapi, kazi zake zinakwendaje kutoka meza hii mpaka meza ile, taarifa gani zinahitajika katika kila kazi, programu zipi zinazibeba taarifa hizo, na mitambo gani inaziendesha programu. Lengo ni kwamba mkakati wa biashara (au wa wizara, au wa skuli) na mkakati wa TEHAMA visiwe ndugu wawili wasiosemezana. Kama bosi anataka wateja wahudumiwe kwa siku moja, basi kila kitu mpaka waya ulioko ukutani kiwe kinaulizwa: wewe unasaidiaje hilo?

Neno "usanifu" hapa halikuokotwa ovyo. Limetoka kwa wajenzi wa nyumba. Mwaka 1987 Mmarekani mmoja, John Zachman, aliyekuwa akifanya kazi IBM, aliandika makala kwenye jarida la kampuni hiyo, IBM Systems Journal. Hoja yake aliianza kwa mfano wa ujenzi. Alisema nyumba haina mchoro mmoja. Kuna mchoro wa awali unaoonyesha umbo tu, kuna michoro ya msanifu anayoielewa mwenye nyumba, kuna ya kina zaidi, kuna ya mkandarasi, kuna ya fundi wa kila kipande. Yote ni ya nyumba ileile, yote ni ya kweli, na hakuna hata mmoja unaoweza kushika nafasi ya mwengine. Akasema mifumo ya kompyuta nayo iko hivyohivyo. Ndiyo maana wengi wanamwita baba wa fani hii.

Mimi nataka kuongeza jambo moja ambalo Mzanzibari yeyote aliyepandisha ndoo ya maji Michenzani analijua: kuna mchoro ambao mara nyingi hausahihishwi na mtu yeyote, nao ni mchoro wa yule atakayekaa ndani.

Tuanze na historia. Baada ya Mapinduzi ya 12 Januari 1964, Zanzibar ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kabisa nje ya kambi ya kikomunisti kuitambua Ujerumani Mashariki. Wajerumani wale wakajibu kwa vitendo: nyumba za maendeleo za Kikwajuni, kisha Kilimani. Mwaka 1968 mtaalamu wao, Hubert Scholz, akachora mpango mkuu wa mji. Haukuwa mpango wa kwanza. Waingereza walikuwa na wa Lanchester wa 1923 na wa Kendall wa 1958. Lakini mipango ile ya kikoloni iliitazama Ng'ambo kama sehemu ya pili ya mji, mahali pa watu wa chini. Mzee Karume alitaka kinyume chake. Alitaka Ng'ambo iwe ndiyo mji wenyewe, na mkwezi, mchukuzi na karani wakae nyumba za aina moja, zenye umeme, maji na choo cha ndani.

Hebu tuwe waadilifu hapa. Huo ulikuwa mkakati. Ulikuwa wazi, ulikuwa na haki ndani yake, na kila mtu aliuelewa. Makampuni mengi ya leo yenye ukuta mzima wa "dira na dhamira" hayajaweza kusema wanachokitaka kwa uwazi kama ule. Nyumba za udongo na makuti zikabomolewa, barabara pana zikakatwa, na majumba yakaanza kunyanyuka. Wananchi walijitolea nguvu zao kwenye ujenzi. Mzee Karume aliuawa tarehe 7 Aprili 1972, na kazi ikaendelea chini ya Mzee Aboud Jumbe. Waliobomolewa nyumba zao wakapewa fleti. Majumba kama hayo yakajengwa pia mashamba, na Pemba pia: Wete, Chake, Mkoani.

Sasa tupande ngazi. Nyumba ya Ng'ambo ya zamani haikuwa paa na kuta tu. Mbele ilikuwa na baraza ambapo mgeni hukaa bila kuingia ndani, na nyuma ilikuwa na uwani ambapo mama hupika kwa kuni au makaa, hufua, huanika dagaa, hufuga kuku wawili watatu, na huzungumza na jirani juu ya ukuta. Chumba kimoja hukodishwa, na mtoto wa kiume akioa huongezwa chumba. Kwa lugha ya watu wa usanifu wa taasisi, hizo ndizo "kazi" za nyumba, ndiyo biashara yake. Mchoro wa majumba ulibeba vyumba, jiko na choo. Uwani haukubebwa. Baraza halikubebwa. Chumba cha kuongeza hakina pa kuongezwa ukiwa juu.

Halafu mitambo. Jumba refu linataka maji yapande, na maji hayapandi kwa mapenzi ya mtu. Yanataka pampu, pampu inataka umeme, umeme unataka fedha, na vyote vinataka fundi anayelipwa kila mwezi. Kwa miaka mingi maji hayakuwa ya uhakika kwenye ghorofa za juu. Ndipo watoto wa Michenzani wakaota mabega kwa madumu na ndoo. Bibi yangu alikuwa na shoga yake jumba moja pale, na nilipokuwa mdogo tukienda kumtembelea, salamu ya kwanza baada ya shikamoo ilikuwa ni kupewa dumu. Ukifika juu huna hamu tena ya haluwa.

La tatu ni mwenye dhamana. Ngazi, paa, mabomba ya pamoja: ni ya nani? Mkaazi anasema ya serikali, serikali inasema nyumba tumekupa wewe. Sheria ya umiliki wa majengo ya pamoja ilikuja 2010. Yaani majumba yaliishi zaidi ya miaka 30 kabla ya sheria kusema wazi nani anamiliki nini na nani anachangia nini kwenye jengo la ghorofa. Mchoro wa siku ya ufunguzi ulikuwepo, mchoro wa siku ya pili yake haukuwepo.

Msinielewe vibaya. Sisemi Michenzani ni kosa. Kuna watu waliozaliwa pale ambao hutawatoa hata kwa ngamia wa dhahabu, na wameyafanyia majumba yale kile ambacho mchoro haukukifanya: chini kuna maduka, viwanja kati ya jumba na jumba vina mpira na mabaraza, na ujirani umejizua upya kwenye ngazi. Watu waliyasawazisha majengo na maisha yao wenyewe, kwa mikono yao, bila ya mshauri. Ninachosema ni kwamba gharama ya kusawazisha waliilipa wao, dumu moja baada ya dumu moja.

Sasa tuvuke bahari kidogo, twende Dar es Salaam ya miaka hiyohiyo, kwa sababu huko ndiko kiliko kisa ambacho vijana wengi wa TEHAMA hawakijui. Kompyuta ya kwanza Tanzania iliwekwa 1965 Hazina, Wizara ya Fedha. Ilikuwa aina ya ICT 1500, ya kampuni ya Kiingereza, ingawa ndani yake ilikuwa mashine ya Kimarekani, RCA 301, iliyobandikwa jina jengine. Ndiyo, hata wakati huo! Hadi kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1970 kompyuta nchini zilikuwa bado za kuhesabika kwa vidole, na Hazina ikawa imetumbukiza hesabu za serikali kwenye mfumo mpya wa kompyuta.

Mambo yakaharibika. Mfumo uliendeshwa kwa kutegemea wataalamu wa kigeni, Watanzania waliofunzwa walikuwa wachache, na namna ya kuzifanya hesabu zenyewe ofisini haikutengenezwa upya ili ilingane na mashine. Hesabu zikavurugika. Kumbukeni pia hiyo ni miaka ya bei ya mafuta kupanda ghafla, 1973 na 1974, fedha za kigeni hazipo, na hapa kuna mashine inayozimeza bila kuonyesha faida. Mwaka 1974 serikali ikatoa amri: marufuku kuingiza nchini kompyuta. Pamoja nazo, marufuku televisheni. Aliyetaka kompyuta ilimbidi aombe kibali maalumu, na mambo hayakulegea mpaka miaka ya 1980.

Nilipokisoma kisa hiki mara ya kwanza nilicheka. Siku hizi sicheki. Ile amri haikutoka kwa wajinga wanaoogopa maendeleo. Ilitoka kwa watu walioungua. Lakini angalieni kilichoadhibiwa: mashine! Hakuna mahali palipoulizwa, je, kazi ya hesabu ilichorwa upya kabla ya kununua? Nani alikuwa mwenye mfumo baada ya mgeni kupanda ndege? Makosa ya mchoro yakapelekwa kwa chuma. Na nchi ikalipa miaka kumi na zaidi ya vijana ambao hawakujifunza kompyuta wakati dunia ikienda mbio.

Sasa sikieni kichekesho cha historia. Wakati Bara televisheni inapigwa marufuku, Zanzibar ndiyo kwanza imewasha yake, Televisheni Zanzibar, ya miaka hiyo ya 1973 na 1974, tena ya rangi! Inatajwa kuwa ya kwanza ya rangi kusini mwa Sahara. Afrika Kusini, pamoja na utajiri wake wote, ilianza matangazo rasmi ya televisheni 1976. Bara ikasubiri mpaka 1994 vituo binafsi vilipoanza. Muungano mmoja, muongo mmoja, teknolojia ileile, na maamuzi mawili yanayopishana kama meli usiku.

Je, ile televisheni iliendana na mkakati? Kwa mtazamo wangu, sana tu. Mwenye nyumba alijua anataka nini: sauti moja, ya serikali, iingie mitaani na picha juu yake. Mtambo ukanunuliwa kwa kazi hiyo, watu wakafunzwa kwa kazi hiyo, na kituo kikadumu, leo ni sehemu ya ZBC. Hapo ndipo inabidi tuwe macho, wadau. Kulinganisha mkakati na teknolojia si jambo jema au baya lenyewe. Mfumo unaweza kulingana vizuri kabisa na matakwa ya bosi, na mtazamaji akabaki hana nafasi ya kusema lolote. Swali la kwanza la msanifu siku zote ni: mwenye nyumba ni nani? Ukilikosea hilo, michoro mengine yote itakuwa mizuri ya bure.

Turudi kwa wataalamu. Mwaka 1993, tena kwenye jarida lilelile la IBM, John Henderson na N. Venkatraman walichora kitu chepesi ambacho mpaka leo kinafundishwa vyuoni. Visanduku vinne. Juu kushoto, mkakati wa biashara. Juu kulia, mkakati wa teknolojia. Chini kushoto, namna watu na kazi zilivyopangwa. Chini kulia, mitambo yenyewe na namna inavyoendeshwa. Wakasema vinne hivi vyote lazima viendane: juu na chini, kushoto na kulia. Mwaka 1996 Marekani ikatunga sheria, Clinger-Cohen, iliyowataka wakuu wa teknolojia katika idara za serikali kuu wawe na usanifu wa mifumo yao. Yaani wale matajiri nao walikuwa wanapoteza mabilioni kwa ugonjwa wetu huuhuu wa kitambaa na daftari.

Chukueni visanduku hivyo vinne mkavipime hapa. Hazina ya 1974: kisanduku cha mitambo kilijaa, cha watu na kazi kikawa kitupu. Michenzani: cha mkakati kilijaa mpaka kikamwagika, vya chini vyote viwili vikawa nusu. Na nipeni ruhusa nikumbushe majeraha mengine. Tarehe 21 Mei 2008 Unguja nzima ilizimika umeme, tukakaa kama mwezi. Tukadhani tumejifunza. Tarehe 10 Disemba 2009 ikazimika tena, mpaka Machi 2010, miezi mitatu! Chanzo cha udhaifu wetu kilikuwa kimoja: kisiwa kizima kilining'inia kwenye kebo ya baharini ya 1980 na vifaa vyake. Mkakati wa nchi kwa miaka ile ulisema utalii, hoteli, benki, intaneti. Kisanduku cha chini kulia kilisema waya mmoja. Kila mwenye hoteli aliyejivunia kompyuta zake za mapokezi aligundua kuwa mkakati wake halisi ni jenereta na dumu la dizeli. Kebo mpya ya megawati 100 ilikuja 2013.

Na msidhani hayo yamepita. Tarehe 12 Mei 2024 kebo mbili za intaneti za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika, na Tanzania ni miongoni mwa nchi zilizoyumba. Siku zile ofisi zenye daftari ndizo zilizofanya kazi. Karani wangu wa kitambaa angecheka yeye.

Basi, kuna mfano mzuri huku kwetu? Upo, na naanza na jirani. M-Pesa ya Kenya, iliyozinduliwa Machi 2007, ilijaribiwa mwanzo ikiwa njia ya wakopaji wadogo kulipa mikopo yao kwa simu. Kwenye majaribio watu wakaitumia kutumiana pesa wao kwa wao. Wenye mradi hawakuwakemea watumiaji kwamba wanatumia vibaya. Walibadilisha mchoro. Biashara yenyewe ikachorwa upya kufuata maisha ya watu, mawakala wakawekwa kila kona, na yaliyobaki mnayajua. Huo ni uwani uliorudishwa ndani ya jumba.

Bara, Wakala ya Serikali Mtandao ilianza kazi 2012, ikatoa miongozo na viwango, kati yake dira ya usanifu wa serikali mtandao. Mwaka 2017 ukaja mfumo wa pamoja wa malipo ya serikali, ule wa namba ya malipo. Kilichonipendeza pale ni mpangilio wa maswali. Kwanza: serikali inakusanyaje fedha zake, na kwa nini kila taasisi ina njia yake? Baadaye: basi tutumie mtambo gani? Mwaka 2019 ikatungwa sheria iliyoigeuza wakala ile kuwa mamlaka. Mwaka huohuo Zanzibar nayo ikatunga sheria ya kuanzisha chombo chake, eGAZ, na tukapata ZanMalipo. Tumetoka mbali.

Lakini bado. Wengi wetu mifukoni tuna kadi mbili, ya Mzanzibari Mkaazi na ya Taifa, kila moja na namba yake, alama za vidole tumezitoa mara mbili, na tukifika dirishani tunaambiwa "lete fotokopi". Mifumo miwili iliyozaliwa na sheria mbili, kila mmoja una sababu zake, na mwananchi ndiye waya unaoiunganisha. Miguu yetu ndiyo mtandao! Zamani tulibeba dumu, leo tunabeba fotokopi, na ngazi ni zilezile.

Kwa hiyo naona kosa la kwanza ni kuamini mchoro wa juu unatosha, kwamba ukishakuwa na dira tukufu, maji yatapanda yenyewe. Hilo ni kosa la Michenzani. Kosa la pili ni kuamini tatizo ni mashine, ukiiondoa umepona. Hilo ni kosa la 1974. Siku hizi tunafanya yote mawili kwa zamu: tunazindua mfumo kwa mkanda na mkasi, ukikwama tunaulaani, tunatangaza zabuni ya mfumo mwengine. Karani anafuma kitambaa kipya.

Ningekuwa na sauti ningeomba jambo dogo tu. Kabla ya kununua chochote, watumwe vijana wawili wakae wiki moja na yule karani. Waandike kila anachokifanya: nani anakuja, anauliza nini, karatasi inakwenda wapi, inakwama wapi. Wakae na mwananchi pia, wamfuate kutoka dirisha hadi dirisha. Kisha wamuulize mkuu wa ofisi: siku mfadhili na mshauri wakiondoka, nani atalipa, nani atatengeneza, na umeme ukizimika tutafanya nini? Hiyo haihitaji cheti cha Marekani. Na hapa kwetu imeshafanywa, tena Ng'ambo hiihii: katika muongo wa 2010 mradi wa Ng'ambo Tuitakayo ulianza kwa kuzunguka mitaani na kuchora ramani ya mambo ambayo wakaazi wenyewe wanayathamini, kabla ya mtu yeyote kupanga jengo. Wapanga mji wa 1968 hawakwenda namna hiyo. Watu wa kompyuta wa leo hawana udhuru.

Gari ilichelewa siku ile, kama kawaida. Nikiwa nimekaa, nilimuona mtoto wa skuli, sare bado mwilini, anaingia ngazini na dumu la manjano. Alikuwa anapumzika kila baada ya ghorofa, analibadilisha mkono, anaendelea. Sijui kama maji yalikuwa yamekatika siku hiyo tu au ni zamu yake ya kila siku. Nilimtazama mpaka akapotea juu. Ule mchoro aliupitia yeye, kwa miguu, na hakuna aliyewahi kumuuliza unasemaje.

Karatasi yangu bado sijaipata. Kesho narudi na fotokopi.

Sijui wenzangu mnaonaje. Tupo pamoja.